Dada Alipata Sifuri

Jamani, hebu niambieni. Mtu anagombea, anajipanga foleni, anapiga kura kama wenzake, halafu anapata sifuri. Inawezekanaje?

Kwa dada yangu iliwezekana. Nilikuwepo.

Mimi ni fundi spika. Siku chama kinachagua mgombea wa mtaa wetu, nilikodiwa kufunga vyombo ukumbini. Kadi ya chama sina, kwa hiyo kura sikupiga.

Dada ni mkunga. Watoto kibao wa mtaani wamepita mikononi mwake. Tatizo moja tu: sisi ni weusi, na mtaa wetu umejaa weupe.

Mpinzani wake alikuwa muuza mbao. Mweupe. Hotuba yake ilimlaza mpaka mkewe.

"Mkunga nampenda sana," alisema mwenyekiti, mweusi kama sisi. "Ila wale watamkubali? Tutafute anayeuzika."

Mama mmoja mweupe akadakia, "Mimi binafsi rangi sina shida nayo. Ni watu huko nje."

Kila aliyeshika maiki alikuwa hana shida. Wenye shida walikuwa watu.

Kura zikasomwa. Muuza mbao. Muuza mbao. Muuza mbao. Mpaka zikaisha.

Dada akapiga makofi.

Ukumbi ulipobaki mtupu nikamuuliza, "Dada, hata kura yako mwenyewe?"

"Nilimpa yeye."

"Umerogwa?"

"Mdogo wangu, niliwasikiliza wote. Nikaona kweli, watu hawatanichagua. Ya nini nikiangushe chama?"

Nilitaka kukasirika. Hasira haikuja. Nikaendelea kukunja nyaya.

Siku ya uchaguzi wenyewe muuza mbao akabwagwa vibaya.

Jioni yake jirani yetu, bibi mweupe ambaye hata salamu huitoa kwa shida, akanisimamisha getini.

"We kijana, mbona dada yako hayumo kwenye karatasi? Nimemtafuta juu mpaka chini. Wajukuu zangu wote kawapokea yule."

"Chama kilisema nyie hamtamchagua."

"Nani alituuliza?"

Nikaingia ndani. Dada alikuwa anapiga pasi sare ya kazini, akaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula.

Ndugu zangu, mtu akikwambia "mimi sina shida, ila watu," mwambie akuonyeshe hao watu. Dada yangu hakuuliza. Na mpaka leo sijamwambia kwamba alitafutwa.