Nilichokichora Juu ya Kamera ya Mwalimu

Mimi si mtu wa kujidunisha, na uzee haukunifunza. Kwa miaka sita, bangili nzuri kuliko zote zilizotoka mtaani kwetu Kiponda zilitoka mikononi mwangu, na sifa zake zote akapewa baba yangu. Simlaumu, Mungu amrehemu. Hakuziomba sifa hizo, ila hakuzirudisha pia.

Mambo yalianza kwa homa. Baba alikuwa akichora nakshi na maandishi kwenye fedha: bangili, mirashi ya kunyunyizia marashi, vikopo vya wanja. Yeye alikaa barazani mbele ya nyumba, mimi nilikaa ukumbini nyuma ya mlango, nikimpashia moto lami ya kushikizia kazi isicheze na kumnolea kalamu zake za chuma. Wiki moja akalala na homa, na bangili ya bibi harusi imebakia nusu. Nikaimaliza mimi. Mwenyewe alipokuja kuichukua aliigeuza na kuigeuza, akasema, "Mzee, mkono wako haujapata kuwa mwepesi hivi." Baba akanyamaza. Nami nyuma ya mlango nikanyamaza, na tangu siku hiyo tukawa tunanyamaza pamoja.

Kisha mtoto wa jicho akamwingia macho yote mawili. Miaka michache baada ya Mapinduzi alikuwa anaona vivuli tu. Alipokea kazi, akanipa, nikachora, akaikagua kwa ncha ya kidole gumba, akairudisha kwa mwenyewe. Mimi nilikuwa nakaribia miaka thelathini, nimesharudi kutoka kwa mume Bububu na sanduku langu moja, na sikuwa na kazi nyingine niliyoipenda. Nilitaka kitu kimoja tu, watu wajue mkono ule ni wangu. Kila kazi kubwa ilipokuja nilijiambia hii ndiyo, hii nikiimaliza nitatoka nje nimejitanda kanga mpya na kusema. Nikiimaliza namwona baba anavyonyoosha mgongo akisifiwa, basi naingia jikoni kwa hasira na kumenya vitunguu visivyohitajika.

Ndipo akaja Mwalimu na kamera yake.

Alikuwa mwanamke wa makamo, anasomesha skuli ya wasichana, na watu wazima kwa watoto walimwita Mwalimu. Kamera aliachiwa na kaka yake aliyehama. Ilikuwa nzito, ya chuma kinachong'aa juu na ngozi nyeusi ubavuni, na ikiharibika hakuna duka mjini ambalo lingekuuzia nyingine siku zile. Mwalimu aliitumia kupiga picha katika harusi za wanawake, kule ndani ambako mpiga picha mwanamume haingii. Tatizo ni kwamba mama za maharusi walikuwa wakimwogopa. Watoto wao wamesukwa, wametiwa hina, vichwa wazi, nani ajuaye picha zile zitaangukia macho ya nani? Mwalimu alizisafisha picha mwenyewe nyumbani kwake, na filamu akamrudishia mama mtu mkononi, lakini kila harusi ilibidi aape upya.

"Nataka kamera yenyewe iseme, Mzee," alimwambia baba. "Niandikie Mashaallah, kwa herufi za Kiarabu, hata bibi aliyesoma Kurani tu, asiyekwenda skuli, aisome."

Baba akafikiri. "Picha unazisafishia wapi, mwanangu?"

"Chooni. Ndo penye giza na maji."

"Na kamera inaingia humo?"

"Filamu ikikwama nnaingia nayo, nikaifungue gizani."

"Basi jina la Mungu halendi huko. Tafuta neno jengine."

Nyuma ya mlango nilicheka mpaka nikaziba mdomo kwa kanga. Mwalimu naye akacheka, akakaa kidogo, akasema, "Basi andika Amana. Hapa kwenye chuma, lionekane vizuri."

Fundi saa wa jirani alitufungulia skurubu, akatupa kile kifuniko cha juu kikiwa kitupu. Nilikilaza kwenye lami kama ninavyolaza fedha, nikadhani kitakuwa laini kama fedha. Hakikuwa. Kilipakwa madini magumu ya kung'aa, na kalamu yangu ya kwanza ilivunjika ncha. Nikanoa nyingine, nikawa nagonga kidogo kidogo, na chini ya ule weupe ikatokea shaba ya manjano. Herufi tano zikawaka kama dhahabu kwenye sahani ya fedha. Baba alikuwa akinisikiliza kutoka barazani, kwani mlio wa nyundo ulimtosha kujua nilipofika. Nilipomaliza alipitisha kidole, akasema, "Safi." Nikasema moyoni, hii ndiyo. Mwalimu akija kesho, natoka.

Akaja. Fundi saa amesharudisha kifuniko mahali pake, na baba amempa kamera mkononi. Majirani wawili walikuwa barazani wakinywa kahawa. Mimi nimesimama nyuma ya mlango, kanga mpya mabegani, nasubiri asifu.

Hakusifu. Aliiinua kamera usoni, akaishusha, akasema taratibu, "Mzee, hii inanitazama mimi."

Nikaelewa papo hapo. Katika kazi yetu maandishi humwelekea mwenye chombo. Bangili huandikwa aisome mwenye kuivaa akiuinua mkono wake, siyo jirani yake. Basi nami, bila hata kujiuliza, nilikuwa nimeandika juu ya kamera, upande anaousoma aliyeishika. Mwanamke aliyekaa mbele ya kamera, yule hasa anayetakiwa kutulizwa, haoni kitu. Nimechora wiki nzima neno zuri ambalo halimwambii chochote anayehusika.

"Pole, Mwalimu," baba akasema. "Kosa langu. Macho haya yashachoka, na mkono nao unafata."

"Si neno, Mzee," Mwalimu akajibu kwa sauti ya huruma. "Umri huo."

Wale majirani wakaangaliana, mmoja akatikisa kichwa. Niliona kabisa maneno yanavyoondoka pale barazani na kwenda sokoni: mzee amekwisha, msimpelekee tena fedha zenu. Mtu ambaye mkono wake haukukosea alipokuwa na macho, leo anabeba kosa la mwanawe ili mwanawe asitajwe. Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, nikajikasirikia mwenyewe zaidi, na hasira ndiyo iliyonitoa nje, maana ushujaa sikuwa nao.

"Shikamoo, Mwalimu. Kosa si la baba," nikasema. "Nimelifanya mimi."

Mwalimu akanitazama kana kwamba mlango wenyewe umesema. Hakuitika hata salamu.

"Nimelifanya mimi, kwa sababu kazi zote nnazifanya mimi. Hizo bangili ulizovaa pia nimechora mimi. Hiyo ya kushoto ina jani moja dogo kuliko wenzake, karibu na pingili, pale inapofungukia, kwa sababu siku ile mama alikuwa mgonjwa nami sikulala. Litafute."

Akainua mkono, akalitafuta jani, akaliona. Uso wa baba ulikuwa umeelekea barabarani na sikuweza kuusoma. Miaka sita nilikuwa nimengoja siku ya kazi nzuri, nimeshaipangia hata kanga, na nikajitangaza kwa kazi iliyoharibika. Niliona aibu, lakini sikurudi ndani.

"Marahaba," Mwalimu akasema mwishowe. "Basi uliyekosea ni wewe, utatengeneza wewe. Na hapa hapa, nnakuona. Harusi ya Mtoni ni kesho."

Kamera ilikuwa imeshafungwa, lami ya moto isingefaa tena. Nikabaki nimeishika, sijui niilaze wapi.

"Lete mfuko wa choroko," baba akasema, bado anatazama barabarani. "Mishono yake izibe kwa nta, vumbi la shaba lisiingie ndani."

Nikakaa barazani, mahali ambapo sikuwahi kukaa na kazi mkononi. Nililaza kamera juu ya choroko, nikaziba kwa nta, nikachora kwenye ule ukanda mwembamba wa mbele, juu ya jicho lake. Mahali palikuwa padogo, herufi zikawa nusu ya zile za kwanza. Wapita njia walisimama kutazama mwanamke anayegonga chuma barazani, na Mwalimu akawa anawafukuza kama watoto wa darasa lake. Nilipokwisha, baba alinyoosha kidole gumba, akakipitisha polepole.

"Hii herufi ya nun yako," akasema, "imekaa vizuri kuliko yangu."

Mwalimu aliishika kamera, akasoma ya juu, akaigeuza, akasoma ya mbele. "Hii inikumbushe mimi," akasema, "na hii iwatulize wao." Neno zuri, na mpaka leo najuta kwamba sikulisema mimi, fundi wake.

Siku ya tatu au ya nne nilikuwa ukumbini nanoa kalamu. Wateja walikuwa hawajaja tangu siku ile, na nilikuwa nimeshaanza kuhesabu kwamba nimemwangusha baba na mimi mwenyewe kwa pamoja. Nikasikia sauti ya mwanamke barazani, anatoka Chukwani, ana mirashi miwili ndani ya kitambaa. Akamwamkia baba, baba akaitika. Kisha akauliza, "Fundi yupo?"

Baba alifungua mdomo ajibu, kama alivyojibu miaka arubaini. Akaufunga. Akasogea pembeni ya baraza, akageuza kichwa kuelekea mlangoni, akangoja.

"Naam," nikaitikia.