Wimbo wa Mama Augustino

Bernardo alijifunza kinanda kwa mapadri wa Mnero, akiwa kijana aliyevuka Ruvuma na wazazi wake kutoka Msumbiji. Akapiga kanisani miaka mingi. Mradi wa karanga ulipofika Nachingwea, Wazungu walijenga klabu na kuleta piano, naye akaitwa kuipiga kila Jumamosi. Huko alisikia santuri za Wamarekani weusi, nyimbo za huzuni za mwendo wa pole. Alizishika kwa sikio tu, kisha akaanza kupiga nyimbo za kwao, za Kimakua, kwa mtindo ule.

Masika ya mwaka 1949, mwanawe wa pekee, Augustino, alichukuliwa na maji akivuka mto Mbwemkuru. Walimtafuta siku nane, hawakumpata. Mkewe, Josephina, hakuwa hata na kaburi la kupalilia. Akatunga wimbo mfupi wa Kimakua wa kumwita mtoto aje ale, chakula kinapoa. Aliuimba jikoni akisonga ugali, na mtu akiingia alinyamaza. Miaka mitano Bernardo aliusikia kupitia ukuta wa fito. Hawakuuzungumzia hata siku moja.

Mwaka 1954 mfanyabiashara wa santuri kutoka Dar es Salaam alimsikia klabuni, akamwomba aende kurekodi. Bernardo alikuwa na miaka hamsini na minane, vidole vimeanza kukakamaa, na hakuna aliyewahi kumwomba jambo kubwa namna hiyo. Alipanda treni hadi Mtwara, kisha meli.

Studio ilikuwa chumba kilichotundikwa mablanketi ukutani. Kwa siku mbili alirekodi nyimbo saba. Fundi akamwambia santuri ni nne, upande mmoja umebaki mtupu. Je, hana mwingine? Bernardo aliweka mikono juu ya piano. Kisha akapiga wimbo wa jikoni, akauimba mpaka mwisho. Fundi hakumtaka arudie.

Santuri zilifika Nachingwea baada ya miezi minne, zote nne katika jalada moja lenye picha yake. Alimsimulia mkewe nyimbo saba. Ule wa nane alisema moyoni kwamba atamwambia Jumapili, wakitoka kanisani.

Alhamisi Josephina alikwenda dukani kwa Swalehe kununua chumvi. Gramafoni ilikuwa juu ya meza ikitoa wimbo wake wa jikoni kwa sauti ya Bernardo, vijana wawili wanacheza taratibu, na mmoja akaomba urudiwe. Josephina alisimama mlangoni akausikiliza wote. Akaondoka bila chumvi.

Bernardo alimkuta anafunga nguo zake kwenye kanga. Alipiga magoti, akaeleza kwamba hata yeye hakuwa na pahali pa kumlilia mtoto, kwamba mikono ilianza yenyewe.

"Ungeniomba, Baba Augustino," alisema mkewe. "Tungeuimba wote wawili. Nilikusubiri uingie jikoni miaka mitano."

Akafunga fundo la kanga. Alikwenda kwa kaka yake, kijiji cha Malolo, upande wa Ruangwa.

Bernardo alimwendea Swalehe, akamsihi asiupige tena. Swalehe alikuwa mtu mwema, akakubali. Lakini santuri zilikuwa zimeshauzwa Ruangwa, Lindi na Masasi, na watu walimsimamisha njiani kumpongeza kwa wimbo huohuo. Klabuni hakurudi. Mapadri walimwomba apige Krismasi. Akawaambia vidole vimekataa.

Mwaka uliofuata alihamia Malolo. Shemeji yake alimpa kipande cha shamba, akajenga kibanda na kulima mihogo. Josephina hakumfukuza. Asubuhi akipita na jembe alimsalimia, akauliza ameamkaje, kama anavyosalimiwa jirani yeyote, kisha akaendelea na njia yake. Bernardo alipougua kifua, alimletea uji na kukaa naye mpaka aumalize.

Mara moja tu Bernardo alimwuliza kama bado anaimba. Josephina alikuwa anasuuza bakuli.

"Maneno nayakumbuka," alisema. "Lakini nikianza, nasikia sauti yako."

Waliishi hivyo miaka minne, hatua mia mbili kutoka mlango hadi mlango, mpaka Josephina alipofariki mwaka 1959.