Nilimwagiwa Poda ya Mtihani Ambao Sikuufanya

Jamani, mwenye makosa ni mimi, wala sitaki mtu anitetee. Nilimdanganya papa, baba yangu mzazi, mwaka mzima, na ubaya wenyewe ni kwamba nilifurahia!

Papa ni fundi cherehani hapa Kisangani. Nilipomaliza sekondari alinikabidhi ada ya mwaka wa kwanza, aliyoikusanya polepole. Akasema ya mwaka wa pili atakopa kwa tajiri anayemuuzia vitambaa, na cherehani yake ataiweka rehani. Binamu yangu alisoma kwa mkopo. Leo diploma yake imetundikwa sebuleni, na wanaomdai bado wanakuja kuketi chini yake.

Nikajiambia, chuo kinaweza kungoja, cherehani haiwezi. Wazo zuri, sivyo? Basi si ningelisema! Mimi nikanyamaza, nikaifanya ile ada mtaji.

Kila asubuhi niliaga nimevaa blauzi nyeupe, begi begani. Chuoni nilifika kweli, ila niliishia langoni, nikiuza kalamu na maandazi. Jioni papa akiuliza masomo yanaendaje, namwambia yanaenda vizuri. Siku moja nusura niseme wateja ni wengi.

Lakini biashara yangu hasa ilikuwa poda. Kwetu mwanafunzi akitangazwa amefaulu, ndugu humwagia poda kichwani mpaka nyusi hazionekani, kisha humsindikiza nyumbani kwa nyimbo. Siku hizo bei nilipandisha bila haya, maana nani atamnyima mwanawe poda? Wenzangu walifaulu mara moja kwa mwaka. Mimi nilifaulu kila kitivo kilipotangaza matokeo!

Sasa siku moja, nikiwa katikati ya mauzo, akatokea Mama Zawadi, jirani yetu, aliyekuja kumshangilia mwanawe. Kuniona tu pale langoni, akadhani nami nimetangazwa. Akanyakua kopo langu mwenyewe, akanimwagia lote, na hakulipa! Kabla sijapangusa macho alikuwa ameshampigia papa simu.

Ningeweza kukanusha. Nilicheka tu, nikapanda toleka, zile baiskeli za abiria, kuelekea kwetu Mangobo. Watu njiani wakanipigia makofi. Nami nikawapungia mkono, mimi huyu!

Nyumbani majirani wa avenue nzima walikuwa nje. Papa, mtu asiyecheza hata harusini, alikuwa anacheza barabarani, utepe wa kupimia bado uko shingoni, machozi yanamtoka. Hapo kicheko kikanikauka. Niliona aibu kubwa, na bado sikusema.

Kesho yake mchana aliingia na bahasha. Alikuwa ametoka kwa tajiri wa vitambaa, na cherehani imeshawekwa rehani kwa ajili ya mwaka wangu wa pili. Deni lile lile nililolikimbia nimelileta nyumbani mwenyewe!

Nikapiga magoti, nikasema yote. Nikamwekea mezani na faida yangu, nikidhani itanisaidia. Hakuigusa.

"Kuuza haiko mubaya," akasema. "Ungeniambia, ningekushonea hata nguo ya kuuzia. Lakini uliniona nacheza mbele ya batu, na ukaniacha nicheze."

Alirudisha pesa siku ile ile, cherehani ikasalimika. Lakini ilibidi amweleze tajiri sababu, na tajiri yule hana siri. Siku hizi mteja akimuuliza kwa kejeli msomi wake anaendeleaje, papa anainama, anakanyaga cherehani kwa nguvu mpaka mtu anyamaze. Nami nasikia kutoka chumbani. Inaniuma!

Nina meza yangu sokoni sasa, na inalipa. Kuacha chuo sijutii hata kidogo. Wewe unayesoma hapa, kama unaogopa mikopo na una biashara yako kichwani, nenda chuo au usiende, shauri yako. Ila mwambie mzazi wako angali ameketi, kabla hajainuka kucheza.