Vitunguu vya Porini Uwanjani kwa Bibi

Juzi mwuza miche aliniuliza, hapa kwangu Kigera, nataka maua gani mbele ya nyumba. Nikamwambia nataka ya huku kwetu: mshubiri, kivumbasi, mgagani. Akacheka. "Mama, hayo si majani tu?" Sikumlaumu. Hata mimi niliwahi kufikiri hivyo, tena nikiwa na jembe mkononi.

Enzi hizo tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa, upande wa Bunda, nyumba zimepangwa mstari kama madawati. Wengine walilalamikia maji na kuni. Bibi yangu aliyenilea, loo, yeye alihangaikia uwanja wa mbele. Alirudi mara tatu kwenye mji wetu wa zamani, mwendo wa nusu siku, akaja na miche ndani ya khanga iliyoloweshwa. Akapima kwa hatua: huku mshubiri wa vidonda, kule kivumbasi cha kufukuza mbu, mgagani karibu na jiko. Mboga ile ni chungu, lakini ukiichemsha na maziwa ukala kwa ugali wa mtama, nyama utaisahau.

Katikati alifukia vitunguu vya porini, vile visivyoliwa, vinavyolala ardhini kiangazi chote na kutoa ua jekundu mvua ya kwanza ikinyesha. Alivichimbua juu ya kaburi la mtoto wake wa kwanza, aliyekufa akiwa mchanga. Kwao mtoto wa namna hiyo hakuwekewa alama nyingine, na mama akihama alihama na kitunguu. Mimi sikuyajua hayo. Kila kimoja alikiwekea kijiti, akanionya, "Hapa usipitepite, mke mwenzangu." Kwa ujuaji wa darasa la tatu, sikuuliza kwa nini.

Shuleni mwalimu alitufundisha kwamba uwanja safi hauna jani hata moja. Ikatangazwa viongozi wanakuja kukagua usafi. Bibi alipokwenda shamba la pamba la kijiji, nikashika jembe. Nikaparua kila kitu, vijiti kwa vitunguu, nikavichoma shimoni pamoja na takataka. Nikafagia. Nilijiona mtu kweli.

Wakaguzi walifika mchana uleule. Mwenyekiti wa kijiji akawaita majirani waje waone uwanja wa mfano, wakapiga makofi. Bibi alikuwa ndiyo kwanza anafika kutoka shambani. Akautazama uwanja, akatua jembe, naye akapiga makofi.

Hakunichapa. Jioni, tukichambua dagaa, ndipo akaniambia vile vitunguu vilikuwa vya nani. Nikalia, nikamwomba twende mji wa zamani tukachimbe vingine. "Trekta limeshapita, mjukuu wangu. Kule sasa ni pamba tupu." Alisema kwa sauti ileile ya kuniagiza chumvi. Aibu ile haijaniisha mpaka leo.

Nimeliulizia ua lile Musoma mjini, nikafika hata Murangi. Wanaolikumbuka wapo, aliye nalo hayupo. Mistari ya kijiji nayo imeshavurugika, kila mtu amejenga anavyotaka.

Tulipomaliza dagaa, bibi alinitajia jina la yule mtoto, akaniambia nilishike. "Mimi siku hizi nasahauga." Hakuwa anasahau kitu. Bibi alishafariki, na baba yangu, mwanawe, pia. Duniani amebaki mmoja tu anayelijua jina hilo, ni mimi niliyemng'oa.