Kiti cha Nyuma cha Gari la Mzee

Gari lenyewe lilikuwa la Kimarekani, la milango miwili, na injini yake ya silinda nane ilinguruma hata likiwa limesimama. Mzee mmoja wa Tongaren alilinunua zamani kutoka kwa mkulima aliyekuwa akihama, na tangu siku hiyo hakuwahi kulitazama gari lingine. Mimi hufundisha umekanika Kitale, na Jumamosi hutengeneza magari nyuma ya nyumba yangu, mtaani Tuwan. Ndipo aliponijia.

"Mwalimu, nyuma kunagonga," aliniambia hata kabla ya kushuka. "Ngo, ngo, ngo. Ni kama kuna mtu kwenye buti anataka kutoka."

Nililiinua kwa jeki nikaingia chini na tochi. Shokabzoba ni ile nguzo fupi yenye mafuta ndani, inayotuliza gari lisirukeruke. Kichwa chake hufungwa kwenye bati chini ya sakafu, na mguu wake kwenye ekseli. Kwenye gari la mzee, lile bati la juu lilikuwa limepasuka. Lilikuwa limechomelewa mara tatu, na kila mara lilikuwa limepasuka tena kando ya pale lilipochomelewa. Shokabzoba zenyewe zilikuwa za pikapu, nene na ngumu, zenye hewa ya kusukuma gari juu.

"Hizi ziliwekwa na nani?"

"Jirani yangu. Nilikuwa napeleka mahindi Moi's Bridge, nyuma ikawa inalala chini sana. Akaniwekea hizi, ikasimama vizuri! Gunia sita, bana, na haitingishiki."

Sikumcheka. Wakulima wa huku huona kila chenye magurudumu kuwa cha kubebea mahindi, na gari lile lilikuwa na buti kubwa kuliko jikoni langu. Nilimwomba asimame, nikamwambia ajifanye amebeba gunia mgongoni.

"Mzee, gunia linabebwa na nini?"

"Mgongo."

"Na ule mkono unaolishika kwa nyuma?"

"Huo ni wa kulituliza tu, lisiyumbe."

"Basi springi ndiyo mgongo, na shokabzoba ndiyo mkono. Wewe umeuambia mkono ubebe gunia sita. Bega likang'oka."

Alilitazama gari, kisha akacheka mpaka akashika kofia. "Kumbe nimekuwa nikitesa mkono wa mtu!"

Nilikata lile bati lililochoka nikaweka jipya, nene, linaloshika sehemu pana zaidi ya sakafu. Nikamtafutia shokabzoba za kimo kinachofaa, akaahidi kwamba mahindi yatasafiri kwa pikapu ya kukodi. Tuliagana kwa furaha. Lakini nilikuwa na haraka siku hiyo, na nilifanya kosa ambalo huwakataza wanafunzi wangu kila muhula: nilikaza bolti zote gari likiwa bado juu ya jeki, magurudumu yakining'inia.

Wiki chache baadaye alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Mwalimu, imeanza tena. Na mama ameshuka."

Mama ni mke wake. Kila Jumapili wao wawili huenda kanisani kwa gari hilo, na Jumapili ya mwisho ya mwezi huunganisha hadi Bungoma kumwona dada yake Mama. Mama hukaa kiti cha nyuma, katikati, mkoba mapajani, kama mbunge. Jumapili ambayo mlio ulirudi, alimwambia mzee asimamishe gari. Akashuka na mkoba wake na kitabu cha nyimbo, akapanda bodaboda hadi nyumbani, na akatangaza kwamba hatakalia kiti kile tena maisha yake yote.

"Jumapili nimeenda kanisani peke yangu," mzee alisema. "Watu wananipa pole, ati kama mtu amefiwa. Mwalimu, tengeneza hiyo kitu irudishe mama kwa gari."

Jumamosi iliyofuata nilienda Tongaren na bushi mpya mfukoni, zile pete za mpira ambamo bolti ya shokabzoba hupita. Chini ya gari nilikuta bati langu zima kabisa, lakini mipira ya kwenye miguu ya shokabzoba ilikuwa imechanika, chuma kikigonga chuma. Kosa lilikuwa langu, nami nilimwambia mzee hivyo. Nilimwonyesha kwa kitambaa. Bolti ikikazwa, katikati ya mpira hushikwa hapo hapo. Ukikaza magurudumu yakining'inia, halafu uteremshe gari, ekseli hupanda na mpira hujisokota kama nguo inayokamuliwa, na hubaki hivyo hata gari likiwa limeegeshwa. Kwa barabara zetu za murram, kokoto na mashimo, haudumu.

"Kwa hivyo safari hii tutaweka bolti bila kukaza," nilieleza. "Tuteremshe gari lisimame kwa miguu yake, na uzito uliozoea kubeba uwe ndani. Hapo ndipo nitakaza."

"Uzito uliozoea," mzee alirudia, akitazama mlango wa jikoni.

Kusema kweli, gunia moja la mahindi lingetosha, na ghala lilikuwa hatua kumi. Nilimwambia. Akatikisa kichwa.

"Gunia halijanikasirikia."

Mama alikuwa amesikia yote. Alitoka na sinia la maharagwe aliyokuwa akichambua. "Ati nani analinganishwa na gunia hapa?"

"Hakuna, mama," nilisema haraka. "Tunaomba ukae tu. Gari halitawashwa."

"Nilisema sitakalia."

"Si ulisema hutakalia likienda?" mzee alijaribu.

"Usinifundishe nilichosema, Baba." Lakini alikuwa akilitazama gari. "Nikikaa, mwalimu anieleze kila kitu anachofanya. Sitaki kudanganywa mara mbili."

Nilipokwisha kuweka bushi mpya na kuteremsha gari, alivua ndala, akajipenyeza nyuma ya kiti cha mbele, akakaa katikati na sinia lake. Gari likashuka kidogo. Nilijilaza juu ya gunia tupu, nikajisukuma chini yake na spana, nikaanza kueleza kwa sauti. Hii ni ya kushoto, juu. Sasa chini. Kila nilipokaza, yeye aliuliza swali lake kutoka juu: kwa nini mpira na si chuma? Na kokoto ikiingia? Na mzee akibeba mahindi kwa siri?

"Utasikia ngo, ngo, ngo," nilimjibu.

"Basi nitakuwa nakaa hapa kila siku, nisikie."

Mzee, aliyekuwa amechuchumaa kando ya gurudumu, aligeuza uso upande mwingine ili tusimwone akitabasamu.

Nilipomaliza, nilimwambia mama anaweza kushuka. Hakushuka. Alisema maharagwe hayajaisha na kwamba mzee aliendeshe hadi barabarani tu, pole pole, akisikia mlio anashuka palepale. Niliketi mbele. Mama akaanza kunisimulia jinsi dada yake alivyonunua ng'ombe anayepiga teke kila anayevaa koti la mvua. Tulifika kwenye tuta la kwanza. Mzee alishika usukani kwa mikono miwili na kuacha kupumua. Nyuma ilipanda, ikashuka mara moja, ikatulia.

"...na pasta mwenyewe akapigwa," mama aliendelea, bila kukatiza, "koti na yote."

Tuta la pili, la tatu. Mzee alipunguza mwendo kwenye njia panda ili ageuze gari.

"Unageuza kwenda wapi?" mama aliuliza. "Huyo ng'ombe mwalimu hajamwona."

Ndivyo nilivyofika Bungoma Jumamosi hiyo, mikono imejaa grisi, sinia la maharagwe likiwa bado kiti cha nyuma, na dada mtu akiuliza ni nani huyu mmemleta bila hata kumpa nafasi ya kunawa.