Kiti cha Enzi na Kiti cha Mama

Mwaka mmoja kabla ya korona nilikuwa nafanya usafi katika jumba la makumbusho hapa Birmingham. Yaliletwa maonyesho ya hazina za kasri la wafalme wa Urusi: saa za dhahabu, vikombe vyembamba kama ganda la yai, magauni yaliyotariziwa lulu na, katika ukumbi wa mwisho, kiti cha enzi cha mahameli nyekundu. Kila asubuhi, kabla milango haijafunguliwa, nilifuta alama za vidole kwenye vioo. Nikirudi nyumbani, mtaa wa Saltley, mama alinisubiri na swali lile lile: "Leo umeona nini?"

Jumapili moja ya mapumziko yangu nikampeleka akaone mwenyewe. Alijifukiza udi, akavaa baibui lake jipya kana kwamba anakwenda harusini. Nilikata tiketi mbili, tukapita mlango wa mbele. Mimi mlango ule nilikuwa nausafisha tu.

Mama alikuwa fundi cherehani Tanga. Mbele ya gauni la malkia alisimama mpaka watu wakaanza kumzunguka ili wapite. "Aliyeshona hili," akasema, "ameacha macho yake humu." Tulipofika kwenye kiti cha enzi, magoti yake yakakataa kabisa. Nikaangaza huku na huku: ukumbi mzima hauna hata benchi. Kwenye kona kulikuwa na kiti cha plastiki cha mlinzi, na mlinzi hayupo. Nikakileta, mama akakaa.

Msimamizi wangu akaja mbio. Aliniangalia usoni, kisha akaangalia mavazi yangu, kama asiyeamini.

"Hicho kiti ni cha wafanyakazi. Mwinue."

"Anasemaje?" mama akauliza.

"Anataka unyanyuke, mama. Kiti ni cha wafanyakazi."

Mama akakitazama kiti cha enzi nyuma ya kamba yake. "Mwambie hivi: kile chenu hakikaliwi na mtu, na hiki mnaninyima. Mimi nikae wapi?"

Miaka yote nilikuwa namtafsiria mama, kwa daktari, benki, kwenye ofisi za manispaa, na kila mara niliyalainisha maneno yake. Niliongeza "samahani" ambayo yeye hakuitamka, nikapunguza hasira. Niliona ndiyo heshima. Siku ile nikatafsiri neno kwa neno, kwa sauti ya kusikika ukumbini.

Msimamizi akawa mwekundu. "Unajua unaongea na nani?"

"Najua. Na leo siko zamu. Nimekata tiketi."

Bibi mmoja wa Kizungu, aliyekuwa ameegemea mkongojo, akasogea. "Samahani, kuna kiti kingine kama hicho?"

"Vipo," nikamjibu. Stoo naijua kuliko msimamizi. Nikaenda, nikarudi na viti vinne, nikavipanga mbele ya kiti cha enzi. Bibi yule akakaa karibu na mama. Hawakuelewana hata neno moja, lakini walikaa pale karibu nusu saa, wakionyeshana kwa vidole nakshi za dhahabu kwenye miguu ya kiti. Msimamizi alikwishaondoka.

Jumatatu nikaitwa ofisini. Barua ya onyo ilikuwa mezani: eti nilihamisha mali ya jumba bila ruhusa. Msimamizi akanisogezea kalamu.

"Andika kwanza kwamba mama yangu ana magoti mabovu na mlimwambia asimame," nikasema. "Hapo nitasaini."

"Haiandikwi hivyo."

"Basi na mimi sisaini."

Kodi ya nyumba ilikuwa inanipita kichwani. Lakini kalamu sikuigusa. Mwishowe akaivuta ile barua, akaitia kwenye droo, na sikuisikia tena. Nikainuka, nikachukua ndoo yangu, nikaenda ukumbi wa mwisho. Viti vyote vilikuwa pale pale nilipovipanga. Nikavifuta vumbi, kimoja kimoja, nikaviacha.