Mto wa Kiti cha Mbele

Shemeji yangu ni fundi bodi, na katika watu wote walionipandisha hasira maishani, yeye anashika namba moja. Nimeuza rangi za magari miaka kumi na tisa, mafundi nawajua: asubuhi wananunua rangi, jioni gari linang'aa barabarani na kutu imefunikwa humo humo. Yeye hapana. Yeye anataka kwanza ajue gari linaumwa wapi. Wenzake walimbandika jina la Daktari kwa kumcheka, naye bila aibu akalipenda.

Gari ninalolisema lilikuwa la marehemu baba yetu. Lilikaa nyuma ya nyumba miaka mingi, limeinuliwa juu ya mawe, kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma. Dada yangu, mke wa Daktari, alijifunzia humo kuendesha, tena akiwa amekalia mto ili aione barabara. Hospitali walipomwambia moyo wake umechoka na hawana la kuongeza, hakulia mbele yetu. Alimwambia mumewe anataka kitu kimoja tu: apandishwe gari la baba, akae mbele, wazunguke mji mara moja. Na liwe la buluu, kama zamani.

Basi Daktari akaanza. Injini na magurudumu alimwachia fundi mwenzake; yeye aling'oa viti, akang'oa milango. Kila mahali mabati mawili yalipoungana alikwangua gundi kuukuu, na chini ya gundi akakuta kutu. Mwingine angepitisha gundi mpya juu yake akaenda zake. Yeye alisugua kwa brashi ya waya mpaka bati likawa jeupe, akapaka dawa ya kutu, akasubiri, akapaka praima, ile rangi ya chini, akasubiri tena, ndipo akaziba maungio kwa gundi mpya, akiilainisha kwa kidole. Ikikauka anamwagia paa maji kwa ndoo, kisha anaingia ndani na tochi kutafuta tone. Akiliona, anakwangua upya. Chini ya kioo cha mbele alikwangua mara tatu. Mara tatu, jamani, na mgonjwa yuko nyumbani anahesabu siku!

Ilipofika mwezi wa nne, dada hakuweza kupanda ngazi tatu za dukani kwangu bila kupumzika. Siku moja alikuja, akakaa juu ya ndoo ya rangi, akahema weee mpaka nikaogopa. Tulitaniana kidogo, akasema mumewe ameoa mke wa pili, wa bati. Halafu akanishika mkono.

"Mdogo wangu, mwambie anipandishe hivyo hivyo lilivyo. Wewe anakusikiliza."

Na kweli, kwa mambo ya rangi alikuwa akinisikiliza. Hapo ndipo ninapojichukia. Mvua zilikuwa zimeanza, gundi ya mlango wa mbele ilikuwa bado mbichi, na ile buluu nilikuwa nimeshaichanganya mwenyewe, kopo liko rafuni. Nilitamani alione linang'aa. Nikamwambia asubiri wiki moja tu, gundi ikauke, rangi ipigwe, apande gari la maana, si gari la kijivu lenye viraka. Akasema haya. Dada yangu hakuwa mtu wa kubishana.

Siku ya tano alifariki, mchana kweupe, amekaa sebuleni na viatu vyake vya kutokea miguuni. Jirani aliyekuwa naye alisema alikuwa anavijaribu kama bado vinamtosha.

Siku ya maziko nilimvaa Daktari mbele ya watu. Nilimwambia kwamba alipenda bati kuliko mke, kwamba alimnyima dada yangu kitu kidogo kabisa alichokiomba. Watu walinivuta pembeni. Yeye aliinamisha kichwa, hakunijibu hata neno.

Wiki mbili baadaye nilibeba lile kopo la buluu mpaka gereji, nimtupie nimalizane naye. Nilikuta gari limerudishiwa milango na viti vyake vyote, kijivu tupu. Kwenye kiti cha mbele palikuwa na mto. Nikamuuliza kwa ukali mto ule wa nini sasa.

"Siku ile alipokuja dukani kwako, huku nyuma nilikata shauri," alisema. "Nikarudisha kiti, nikamwekea mto, nimtoe hivyo hivyo. Aliporudi akaniambia tusubiri, wewe na yeye mmeshakubaliana."

Nililiweka kopo chini. Mtu huyu alinyamaza siku ya maziko, akabeba lawama yangu yote mbele ya kadamnasi, na angeweza kuniumbua kwa sentensi moja. Nilimwomba radhi, maneno hayakutoka sawasawa. Akanifungulia mlango wa nyuma.

Tulizunguka mji, yeye kwenye usukani, mimi nyuma, mto peke yake mbele. Mvua kubwa ikatukuta njiani, ikapiga paa mpaka hatusikilizani. Daktari akapunguza mwendo, akaniuliza kwa sauti kama linavuja. Nikanyoosha mkono mbele, nikapapasa maungio ya ule mlango wa dada, juu mpaka chini.

"Halivuji, shemeji," nikamwambia, na hapo ndipo nilipomlilia dada yangu.